Nyumba ya Soyer
Leo baada ya zamu nimepita Marlborough Place, St John's Wood, hapa London, alikoishi mpishi Alexis Soyer hadi alipofariki Agosti 1858. Nimesimama mbele ya kibao chake cha kumbukumbu, mikono bado inanuka vitunguu, machozi yakanilenga. Mfaransa huyu aliwapikia mabwana wa Reform Club, klabu ya wanasiasa hapa London, lakini njaa ilipoikumba Ireland, mwaka 1847 alikwenda Dublin kufungua jiko la supu lililolisha maelfu kwa siku. Vita vya Crimea, Uingereza na washirika wake dhidi ya Urusi, navyo akavifuata, akawabunia askari jiko la umbo la pipa, linalokula kuni kidogo mno. Jeshi la Uingereza likaendelea kulitumia hadi karne ya 20! Wapishi wenzangu, mkifika London piteni pale.