Minazi yangu imetoka kwenye fagio la mamangu

Naanza na aibu yangu kabisa. Mti wa kwanza niliotengenezea hii reli yangu ndogo ya mfano ulitoka koliflawa. Nilichukua kijiti, nikapaka gundi juu, nikabandika vipande vya sponji ya godoro nilivyovichovya rangi ya kijani, nikausimamisha kando ya stesheni, nikarudi nyuma hatua mbili kuutazama vizuri. Si mwembe, si mkorosho, ni mboga imesubiri treni.

Kwa wageni: nina ubao wa plaiwudi, sentimita 120 kwa 60, umelala juu ya meza chumbani kwangu, na juu yake kuna kistesheni cha enzi za ile reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa hapa hapa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901. Nimekifikiria kiwe upande wa Mazeras huko, treni ishavuka kisiwa na kuanza kupanda, minazi huku na huku, miembe, mbuyu mmoja wa kuringia. Skeli ni HO, yaani 1 kwa 87, kila kitu kimepunguzwa mara 87. Na wajuzi msinianze tafadhali, najua upana wa reli yangu ni milimita 16.5, ukizidisha mara 87 unapata milimita 1435, ambayo ni SGR, ile reli mpya, wakati reli ya zamani ilikuwa mita moja kamili. Nilitumiwa hii seti na mtu, sikuchagua, na nimeamua kufumba jicho moja.

Ila kwa miti sikukubali kufumba jicho, manake miti ya kununua mtandaoni mingi ni ya kwao Ulaya, misonobari na nini na nini, na ukiweka msonobari Mazeras hata mtoto wa chekechea atakucheka. Kwa hivyo ni kujitengenezea.

Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba sikuwa najua mti. Nimeishi mji huu maisha yangu yote, mji ambao nusu ya mitaa ni miti, Mwembe Tayari, Mwembe Kuku, Mikanjuni, na bado ukiniambia chora mwembe nachora mpira juu ya fimbo. Na lile shina nalipaka kahawia. Jamani shina si kahawia, hiyo ni rangi ya krayoni za darasa la kwanza. Toka nje sa hii uangalie, mnazi ni wa kijivu, mbuyu ni wa kijivu una wekundu fulani kwa mbali jioni jua likiupiga, mwembe ni kijivu cheusi cheusi. Kahawia nimeiona kwenye mlango tu.

Basi nikaanza upya na waya. Fundi umeme wa mtaani kwetu alinipa mabaki ya kebo, zile laini zenye nyuzi nyingi nyembamba za shaba ndani, nikazichuna. Unachukua nyuzi kama 60 hivi, unazikaza pamoja na plaizi upande wa chini hilo ndo shina, halafu unazigawa mafungu mawili unasokota, kila fungu unaligawa tena unasokota, hivyo hivyo hadi unabaki na uzi mmoja mmoja kule ncha. Usigawe sawa kwa sawa! Mara ya kwanza nligawa nusu kwa nusu kila mahali, mti ukatoka kama kinara cha mishumaa. Gawa 40 kwa 20, 25 kwa 15, mti wa kweli una tawi kubwa na tawi dogo. Na hapa kuna jambo tamu: Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, aliandika kwenye madaftari yake kwamba ukikusanya matawi yote ya mti kwenye kimo chochote, unene wao kwa jumla unalingana na wa shina. Sasa ukitumia nyuzi hiyo hesabu inajipiga yenyewe, maana nyuzi zilizo juu ndo zile zile zilizo chini, hakuna iliyoongezeka. Ndo maana mti wa waya unakubalika na jicho hata kabla hujaupaka kitu.

Halafu mbuyu ukanikatalia. Nilienda Mama Ngina Jumapili moja, watu wanakula mihogo na pilipili zao wanatazama bahari, mimi nimeipa bahari mgongo napiga mibuyu picha kama mpelelezi. Mbuyu haufuati adabu ya miti mingine, lile shina ni pipa la maji, linapanda nene nene halafu ghafla juu kunatoka vitawi vyembamba vimepinda kama vidole. Nyuzi 60 hazitoshi hata kidogo. Mbuyu wa mita 18 kwa skeli yangu ni sentimita 21, na shina la upana wa mita nne linakuja sentimita nne na nusu, sasa hapo ikabidi niuvishe nyama, nikazungushia karatasi ya choo iliyolowa gundi nyeupe ya maseremala, safu juu ya safu, nikamalizia na plasta ya Paris iliyochanganywa na gundi, na kabla haijakauka vizuri nkaiburuta na mswaki mzee kutoka juu kwenda chini, na pale matawi yanapoanzia nkaikunja na kidole iwe kama goti la ndovu. Ikikauka unapaka kijivu, halafu rangi nyeusi iliyozimuliwa maji mengi iteremke kwenye mikunjo, halafu brashi kavu yenye rangi nyeupe kidogo kabisa inapita juu juu tu. Majani sikuweka. Mbuyu sehemu kubwa ya mwaka uko uchi, na ukiwa uchi ndo mbuyu. Nkaning'iniza mabuyu, kila buyu ni punje ya mawele kwenye unywele wa brashi. Zote nilizipaka vanishi kwanza, manake nshaonja cha moto na vitu vya kuliwa.

Nitawaambia. Mwanzo kabisa nlikuwa natumia gundi ya unga wa ngano kubana matumizi, na unga wa mbao uliotiwa rangi ya keki kuwa majani. Usiku mmoja nawasha taa nakuta sisimizi wamepanga foleni kutoka dirishani hadi kwenye stesheni, abiria wa kweli kwa mara ya kwanza. Ikaja mvua ya Aprili, joto letu hili na ule unyevu, unga wa mbao ukaota kuvu jeupe, na ile rangi ya keki iliyobaki upande wa dirisha ikachujuka ikawa rangi ya maziwa. Kwa hivyo hapa pwani: gundi ya maseremala, rangi za akriliki, na majani ni sponji. Unaikata vipande, unaisaga kwa blenda ukiwa umeilowesha maji (blenda yako mwenyewe, usiguse ya jikoni), unapaka rangi unaanika. Kijani changanya tatu, kimoja kikaribie manjano. Kubandika ni sprei ya nywele, ile ya bei ya chini inayonukia saluni, unapuliza unanyunyiza, unapuliza unanyunyiza.

Ukimaliza ubebe mti ukaushike mbele ya dirisha. Kama huoni mbingu katikati ya matawi, ushatengeneza koliflawa. Toa majani. Inauma lakini toa.

Sasa minazi, na hapa ndo fagio linaingia. Nilihangaika na waya kwa wiki mbili, shina linatoka nene au linatoka limejipinda vibaya, hadi siku moja nafagia uani nikatazama chelewa mkononi, ule uti wa jani la mnazi unaofungiwa fagio. Inapungua unene yenyewe kutoka chini kwenda juu. Unene wa chini milimita tatu, mara 87, sentimita 26, na mnazi halisi ni papo hapo! Mnazi ndani ya mnazi. Nikachomoa kumi. Unazilowesha maji moto, unazifunga kwenye chupa ya soda usiku kucha zikamate mpindo, asubuhi unakata sentimita 20 au 23, chini unavimbisha kidogo kwa gundi na unga wa mbao uliokaangwa ukakauka. Makuti ni bahasha ya kaki, kipande cha sentimita sita, uzi wa waya katikati, unakikata kata pembeni na mkasi kwa mshazari, unapaka, unakunja. Kila mnazi makuti 25 hivi, na manne ya chini yapake ukavu, yaning'inie. Nazi nilijaribu pojo, zikawa kama matikiti, nikashuka kwa mtama ikawa sawa.

Mjomba, ambaye alifanya kazi reli miaka na miaka, alikuja kumsalimia mamangu nikamwita aone. Akatazama mnazi wa kwanza, ule niliousimamisha wima.

"Huu si mnazi, mwanangu. Huu mlingoti wa bendera."

"Na hii mingine, mjomba?"

"Hii sawa. Lakini mgema apanda wapi? Huna vidato."

Vidato vya mgema, si vya sekondari. Zile kata za kukanyagia kwenye shina. Ikabidi nichukue wembe nikate vidogo vidogo, upande huu upande huu, hadi juu, minazi mitatu tu maana macho yalikuwa yashaanza kulia. Lakini wallahi tangu hapo ile mitatu ndo watu wanainama kuitazama.

Mwembe bado unanisumbua, ukweli ni huo. Ile sheria yangu ya dirisha haifanyi kazi kwake, mwembe mzima haupitishi mbingu, ni giza. Nilichogundua ni kupaka waya zote za ndani nyeusi kabla ya majani, halafu sponji inakaa nje tu kama kofia, na hapa na pale unagusa wekundu wa yale majani machanga. Afadhali. Mmoja umekubalika nikaupanda nyuma ya stesheni, pale palipokuwa wazi.

Mjomba akainama hadi jicho likawa sawa na reli, akanyamaza, nkadhani sasa nitasifiwa.

"Treni ya Nairobi yaondoka jioni," akasema. "Jua liko huku. Abiria watangoja wapi?"

Nimeung'oa. Uko upande wa pili wa jengo sasa, kivuli chake kinalala juu ya benchi, na kule ulikotoka kuna shimo la ukubwa wa sarafu ambalo nalisubirishia usumba wa kuziba. Mamangu naye ashahesabu chelewa zake.