Siku Joto Letu Lilipomsimamisha Bekele

Feri ndiyo iliyonifundisha kukimbia. Baba alikuwa fundi wa baiskeli upande wa kisiwani, Mombasa, hatua chache kutoka steji ya matatu, na sisi tukiishi ng'ambo, Likoni. Kila Jumamosi na siku zote za likizo kazi yangu ilikuwa kumpelekea chakula cha mchana. Nikitoka nyumbani nilikuwa nasikiliza honi. Ikilia nami bado niko kwenye maduka ya juu, nilijua kwamba nikiuteremka ule mteremko kwa mbio nitaiwahi, mkebe wa wali na mchuzi nimeukumbatia kifuani usimwagike. Ikilia kabla sijafika madukani, basi ilikuwa ni kukimbia kwelikweli. Sikuwa na saa. Feri ndiyo iliyokuwa saa yangu, na haikuwa na huruma na mtu.

Nilipokuwa na miaka 12, darasa la sita, nilishinda mbio za shule yetu, wasichana na wavulana wakiwa pamoja. Mwalimu wa michezo alinipongeza, kisha akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyasikia maisha yangu yote: mbio ni za watu wa bara. Watu wa Pwani ni mpira na kuogelea. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema maji ya bahari yana chumvi. Nikarudi nyumbani nimenuna, na bibi yangu, mama yake baba, akaongeza lake: msichana akishavunja ungo haendi kurukaruka barabarani na bukta watu wakamtazama.

Baba alinisikiliza jioni ile huku akiziba pancha. Hakubishana na mama yake. Sijamwona akibishana naye hata siku moja. Ila alinihadithia habari za Seraphino Antao, Mgoa, yaani mtu mwenye asili ya Goa, India, wa hapa hapa Mombasa, aliyekwenda Perth, Australia, mwaka 1962, Kenya ikiwa bado chini ya Mwingereza, akashinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola. Dhahabu za kwanza za Kenya katika michezo hiyo zililetwa na mtu wa Pwani. "Babu yako alikuwa akimjua kwa sura," baba akasema. "Kipchoge Keino mwenyewe alikuwa hajatajwa."

Kisha akaniambia kwamba Machi dunia nzima inakuja kukimbia kwetu, na kwamba tutakwenda, mimi na yeye.

Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa Jumamosi, Machi 24, 2007, kwenye uwanja wa gofu ule ulio kando ya bahari, karibu na feri. Uwanja huo nilikuwa nimeupita mara nyingi mno, na kila mara niliuona kwa nje tu, majani yamekatwa vizuri na mtu mmoja mmoja akitembea na fimbo zake. Sikuwahi kufikiri kuwa mguu wangu ungekanyaga mle ndani.

Asubuhi ile bibi alinifunga lesso kichwani juu ya mtandio. "Jua la leo si la mchezo, mwanangu," akasema. "Ukirudi umeungua, usinililie."

Asiyezaliwa Pwani huenda hajui Machi yetu ilivyo. Upepo wa kaskazi umeishiwa nguvu, masika bado hayajaingia, na hewa husimama kama maji ya kisimani. Nguo ukizianika kivulini, jioni bado zina unyevu. Jasho nalo ni vivyo hivyo: linatoka, halikauki. Na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Linatiririka bure, na mwili unazidi kuwaka ndani kwa ndani. Haya ya kupoza mwili nilikuja kuelezwa na makocha baadaye, lakini bibi alikuwa akiyajua kwa njia yake, ndiyo maana hakutoka nje kati ya saa sita na saa tisa.

Tulivuka na feri iliyojaa kupita kiasi. Watu wamejipaka rangi za bendera usoni, vijana wanapiga ngoma, wauza madafu wametangulia mapema. Ndani ya uwanja baba alinishika mkono akanivuta mbali na mahali pa kuanzia, tukazunguka mpaka kwenye kona moja upande wa baharini ambako kamba ilikuwa karibu na njia ya wakimbiaji. Alisema pale mwanzo watu hutazama bunduki tu, na sisi hatukuja kutazama bunduki.

Walianza wasichana wa chini ya miaka 20, kilomita sita. Siwezi kusahau sauti yao. Kwenye televisheni mbio hazina sauti, isipokuwa ya mtangazaji. Pale niliisikia ardhi. Nilisikia spaiki, ile misumari ya viatu vya mbio, zikikwaruza majani makavu, na pumzi, pumzi nyingi kwa pamoja, kama mafundi seremala ishirini wanapiga msasa kwa wakati mmoja. Aliyeshinda alikuwa Linet Masai, binti wa miaka 17 kutoka Mlima Elgon. Alipita karibu kiasi cha kuweza kumgusa. Nilichokitazama kilikuwa mikono yake. Vidole vyake vilikuwa vimelegea, kama mtu aliyeshika kifaranga. Nami nilikuwa nakimbia nimekunja ngumi, kwa sababu ya mkebe. Miaka miwili baadaye huyo Linet alikuwa bingwa wa dunia wa mita 10,000 kule Berlin, na nilipomwona kwenye televisheni nilitazama tena vidole.

Katika mbio za wavulana alishinda kijana mrefu mwembamba, Asbel Kiprop, na uwanja ukawa ni kelele tupu. Katika za wanawake alitangulia Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Nyuma yake walikuja Waethiopia wawili, Tirunesh Dibaba na Meselech Melkamu. Mama mmoja karibu nasi, mwenye mtoto mgongoni, alipiga vigelegele. Mwanamume mmoja akamuuliza kwa nini anamshangilia Mholanzi. "Mholanzi nyumbani kwenu," akamjibu. "Huyu kazaliwa na mama wa hapa." Baba alicheka mpaka akalazimika kujifuta macho.

Halafu wakaja wanaume. Kilomita 12, mizunguko sita.

Kila mtu alikuja kumwona Kenenisa Bekele ashindwe. Lazima niseme hivyo kwa sababu ndiyo kweli, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Kwa miaka mitano mfululizo, 2002 mpaka 2006, Muethiopia huyu alikuwa amechukua ubingwa wa dunia wa nyika katika mbio fupi na ndefu, zote mbili, kila mwaka. Wakenya walikuwa wamemrushia kila walichokuwa nacho. Nyumbani jina lake lilitajwa kama linavyotajwa la mtu mliyekosana naye kuhusu shamba.

Mzunguko wa kwanza walipita wamesongamana, zaidi ya mia, vumbi na majani vikiruka. Wa pili wakaanza kutawanyika. Kufikia wa nne niliona jambo ambalo sikuwa nimelitegemea: wanaume wazima, wakimbiaji wa mataifa, nyuso zimesawijika, midomo imekuwa myeupe. Mmoja alipita akiyumba, akaenda kama hatua kumi, akakaa chini kwenye nyasi kama mtoto. Watu wa msalaba mwekundu walimkimbilia na maji. Lile joto nililokuwa nikilipita na mkebe wa wali kila Jumamosi lilikuwa linawaangusha watu niliodhani hawaangushwi na kitu.

Mbele walikuwa Bekele na Zersenay Tadese wa Eritrea. Tadese alianza na baiskeli kabla ya kuwa mkimbiaji, na baba, kwa kuwa ni fundi wa baiskeli, alikuwa amejiamulia zamani kwamba huyo ndiye mtu wake. Mwaka 2004, Athens, Tadese aliipatia Eritrea medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Alikimbia siku ile kama mtu anayesukuma mlango: hakuchomoka ghafla, hakurudi nyuma, alisukuma tu, na kusukuma, na kusukuma.

Mzunguko wa mwisho Tadese alitupita akiwa peke yake. Tukasubiri. Bekele akatokea kwenye kona, na hata mimi mtoto niliona kwamba miguu yake haikuwa yake tena. Alipunguza mwendo. Akatembea. Kisha akasimama, akatoka nje ya njia.

Uwanja ulilipuka. Watu waliruka, wakakumbatiana, kofia zikarushwa hewani. Nami nikaruka, nikapiga kelele kwa sauti niliyokuwa nayo yote, mpaka nikahisi mkono wa baba begani. Haukuwa mkono wa hasira. Uliniteremsha tu, taratibu.

"Huyo ni mwana wa mtu," akasema.

Nikamtazama tena Bekele. Alikuwa ameinama, ameshika magoti. Mtu aliyekuwa hajashindwa katika mbio za nyika kwa zaidi ya miaka mitano alikuwa amesimama kwenye nyasi za Mombasa akitafuta pumzi, na mgongo wake ulipanda na kushuka kama wangu ninapokuwa nimeikosa feri. Nikaanza kulia. Sikuweza kumweleza baba kwa nini, na hakuuliza. Alinikatia kipande cha dafu nikala huku nalia.

Moses Mosop alimaliza wa pili na Bernard Kipyego wa tatu, na Kenya ikachukua dhahabu ya timu. Watu walipoanza kuondoka waliimba njia nzima mpaka feri. Mimi sikuimba. Nilikuwa na swali moja tu, nikaliuliza tulipokuwa katikati ya maji, upepo wa kwanza wa siku nzima ukitupiga usoni.

"Baba, mzunguko mmoja ni mrefu kiasi gani?"

"Kilomita mbili."

"Kutoka kwetu ni mpaka wapi?"

Hakunijibu mpaka tukafika upande wa pili.

Nimeulizwa mara nyingi, hasa na wasichana ninaowafundisha sasa, ni lini niliamua kuwa mkimbiaji. Wanatarajia niseme ilikuwa pale nilipomwona Linet Masai akishinda. La. Linet alinionyesha mikono. Lakini waliokuwa wakishinda, kwangu, walikuwa bado watu wa bara, wa milimani, walioumbwa kwa udongo mwingine. Ni yule aliyesimama ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa na mapafu na ngozi kama mimi, na jasho lake, kama langu, lilikataa kukauka.

Nilipofika Iten, mji wa wakimbiaji huko bara, nikiwa na miaka 19, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, mambo yaligeuka. Wiki ya kwanza wasichana wa shule waliniacha kwenye kilima wakiwa na madaftari mkononi. Hewa ya kule ni nyembamba, na mwili wa mtu wa bahari unahitaji wiki kadhaa kujitengenezea damu ya kuistahimili. Usiku niliamka nikidhani nimefunikwa uso na mto. Nilimpigia baba simu nikamwambia nataka kurudi. Akaniuliza, "Umesimama, au umekaa chini?" Nikasema nimesimama. Akasema basi subiri kidogo. Nilisubiri miaka minne. Nilifika mashindano ya taifa Nairobi, mita 5,000, nikamaliza wa 11. Jezi ya timu ya Kenya sikuivaa. Liliniuma, na bado linauma kila ninapouona mstari wa kuanzia. Lakini katika wale waliosimama kwenye mstari siku ile, sikusikia mwingine aliyetoka Likoni.

Hayo yalikuja baadaye. Siku ambayo naikumbuka kwa harufu yake ni ile iliyofuata mbio za Mombasa, Jumapili. Baba aliniamsha baada ya sala ya alfajiri. Alikuwa ameitoa baiskeli yake ya Black Mamba uani, ameipindua magurudumu juu, anafunga kitambaa chekundu kwenye spoki moja ya gurudumu la mbele. Alikuwa amekwisha kupima ule mpira kwa uzi: mita mbili na sentimita ishirini kila linapozunguka mara moja. Usiku, kumbe, alikuwa akipiga hesabu.

Tukatoka. Yeye anasukuma baiskeli polepole, mimi nimeinama pembeni nahesabu kitambaa kinavyogusa chini. Moja. Mbili. Tatu. Tukapita msikiti, tukapita kwa muuza mahamri aliyekuwa ndiyo kwanza anawasha jiko, tukashika njia ya mchanga inayofuata bahari. Mara mbili nilipotea hesabu, na mara zote mbili baba aligeuza baiskeli tukarudi mlangoni bila kunung'unika. Mara ya tatu, bibi alikuwa amekwisha kufungua dirisha.

"Mwatafuta nini nyie tangu alfajiri?"

"Twapima, mama," baba akasema.

Bibi alikitazama kile kitambaa, akanitazama mimi. Akafunga dirisha. Baada ya muda mlango ukafunguka, akatoka amejitanda lesso yake, chupa ya maji mkononi, akaanza kutufuata nyuma, mbali kidogo, kama mtu aliyekuwa akienda zake.

Nilipofika mia tisa na tisa baba akafunga breki. Palikuwa na mnazi uliopinda kuelekea baharini. Akatoa kikopo cha rangi ya baiskeli mfukoni, akaupiga mstari mwekundu usawa wa kifua changu, tukakaa chini yake sote watatu, tukingoja rangi ikauke.