Saa haziozi, mikono huoza

Jumapili usiku.

Wiki imekwisha. Pale Wilson, uwanja wa ndege ndogo wa Nairobi, Caravan (Cessna za kubebea watalii) zilizorudi kutoka Maasai Mara zimeshafungwa kamba, na rubani asiye na kazi amefungua daftari lake la hesabu. Mara nyingi daftari hilo lina safu mbili tu: pesa iliyopo na pesa inayotakiwa. Ukiziangalia hizo mbili peke yake utakosa usingizi, kwa sababu ya pili haifikiwi na ya kwanza. Inakosekana safu ya tatu, nayo ndiyo inayopaswa kutawala mwezi: kipi kinaoza na kipi hakiozi.

Saa ulizokwisha kuruka haziozi. Mwenye leseni ya urubani wa biashara na saa 210 kwenye logibuku, daftari la saa za kuruka, akikaa mwaka mzima bila kazi, bado ana saa zake 210. Hakuna anayezipunguza. Kinachooza ni medikali, yaani cheti cha afya cha rubani, cha daraja la kwanza, miezi 12 kwa aliye chini ya miaka 40. Daraja la kuruka kwa vyombo (kutazama vyombo tu, bila kuona nje) nalo lina ukaguzi wake wa kila mwaka. Ruhusa ya kubeba abiria huoza upesi zaidi, maana inataka uwe umepaa na kutua mara 3 ndani ya siku 90 zilizopita. Cheti cha Kiingereza ni kivivu kidogo: kiwango cha 4 hurudiwa baada ya miaka 3, cha 5 baada ya 6, cha 6 hakirudiwi kabisa. Halafu kuna mikono, ambayo haina tarehe iliyogongwa muhuri lakini huoza kabla ya karatasi zote hizo.

Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye medikali. Bila medikali leseni ni picha ya ukutani, na simu ya kazi ikiingia Jumatano kwamba ufike Ijumaa, huwezi kuanza kutafuta nafasi kwa daktari wa anga siku hiyo. Shilingi ya pili iende kwenye mikono. Tuseme ndege inakodishwa 25,000 kwa saa (weka bei ya kwako, hesabu ni ileile). Kupaa na kutua mara 3, pamoja na kuwasha, kutembea chini na kusubiri zamu, ni kama saa 0.7. Ukifanya hivyo mara 4 kwa mwaka ni saa 2.8, yaani 70,000. Hiyo ndiyo bei ya kubaki hai kwenye karatasi. Ugawe kwa miezi 12, ni chini kidogo ya 6,000 kwa mwezi. Ni pesa, ndiyo, lakini ni pesa inayoweza kutengwa kwenye M-Pesa kila wiki bila kuuza chochote.

Kinachowaangusha wengi ni kuruka ngazi. Mtu ana akiba ya laki kadhaa, anasikia kwamba kazi zote ziko kwenye Caravan, anaimwaga yote kwenye daraja la Caravan, yaani ruhusa ya kurusha aina hiyo ya ndege. Anamaliza, karatasi inapendeza, kazi haiji. Anayeamua si mwenye kampuni peke yake. Bima yake inaangalia saa za jumla, saa ulizokuwa rubani mwenye dhamana ya ndege, na mara nyingi saa ulizoruka kwenye ndege ya aina ileile. Mwenye saa 210 na daraja jipya bado ana saa 210. Baada ya muda daraja nalo linataka kuhuishwa, na pesa imeshakwenda. Daraja la Caravan linunuliwe siku kuna kampuni imesema wazi kwamba ukija nalo utaingizwa kwenye ratiba, na bima yao inakukubali kwa saa ulizonazo. Uliza swali hilo la bima kwa maneno hayohayo. Jibu la kuzungukazunguka ni jibu la hapana.

Ukiwa na pesa ya kitu kimoja kikubwa, daraja la ualimu lina faida ambayo Caravan haina: mwalimu huongeza saa huku analipwa, hata kama malipo ni madogo na mwanafunzi ndiye anayekula utamu wa kushika usukani. Si kila mtu anaweza kufundisha, na ni heri anayejua hawezi akae pembeni.

Sasa wale waliokwama katikati ya mafunzo ya leseni ya rubani binafsi. Hawa ndio wanaopoteza pesa nyingi kuliko wote, na mara nyingi si kosa la uvivu. Kiwango cha chini cha kisheria ni saa 40, na familia hupanga bajeti ya saa 40. Wachache sana humalizia hapo. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya somo kukumbuka somo lililopita: kutua kumemtoka, redio imemtoka, mwalimu anarudia. Saa zinaingia kwenye logibuku bila ustadi kusogea. Kama pesa inakuja kidogo kidogo, usiruke kidogo kidogo. Simama, weka akiba, soma nadharia nyumbani, kisha ruka mfululizo, mara 3 kwa wiki, mpaka ufike kituo kinachofuata. Vituo vya kupumzikia ni baada ya kuruka peke yako kwa mara ya kwanza, baada ya safari ndefu ya peke yako, na baada ya mtihani wa mwisho. Ukisimama wiki mbili kabla ya kimojawapo, sehemu kubwa ya uliyolipia utailipia tena.

Na usilipe zote mbele, hata ukiahidiwa punguzo tamu. Lipa saa 5, au 10 zikizidi. Shule yenye ndege moja ni shule inayosimama kila ndege hiyo inapoingia ukaguzi wa saa 100, na kipuri kikikosekana wiki mbili zinakuwa miezi miwili. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: zimebaki saa ngapi kufika ukaguzi unaofuata, na injini imeshafanya saa ngapi tangu ifumuliwe na kuundwa upya. Injini ya Lycoming O-320 iliyo kwenye Cessna 172 nyingi za zamani inapendekezwa ifumuliwe kwa saa 2,000. Ukiambiwa ipo kwenye 1,960, hesabu mwenyewe wanafunzi ni wangapi na ndege hiyo itasimama lini. Uliza pia kama unatozwa kwa Hobbs au kwa takometa, mita mbili za kuhesabu saa za injini. Hobbs huhesabu dakika za saa ya kawaida injini ikiwa inafanya kazi, hata umesimama kwenye foleni nyuma ya Caravan nne za watalii saa mbili asubuhi. Takometa hufuata mizunguko ya injini, kwa hiyo foleni huila polepole. Kwa bei ileile ya saa, tofauti hiyo peke yake hulipia somo zima kila baada ya masomo machache.

Yapo mazoezi ya bure, na hayafanywi ipasavyo. Watu huketi kitini, hufumba macho, huwaza wanaruka. Hiyo ni ndoto ya mchana. Bandika picha ya dashibodi ukutani kwa ukubwa wake halisi, shika cheklisti, sema kila neno kwa sauti na mkono uguse. Mizunguko 1,700 kwa dakika, magneto (kiwasha-cheche cha injini) ya kulia, ya kushoto: kwa Cessna 172N mizunguko isishuke zaidi ya 125, na tofauti kati ya hizo mbili isipite 50. Kisha fanya hesabu ya siku. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Kwa urefu huo hewa ya kawaida ingekuwa na nyuzi 4 hivi. Leo mchana ni nyuzi 25, yaani imezidi kwa 21. Kila nyuzi moja ni futi 120, kwa hiyo ongeza 2,520. Ndege inadhani iko futi 8,000 na bado haijaondoka ardhini. Hewa nyembamba inataka mafuta machache, ndiyo maana kishikio chekundu cha mafuta hakisukumwi mpaka mwisho kabla ya kupaa hapa. Kitabu cha 172N kinasema uwanja ukizidi futi 3,000, fungua nguvu yote ya injini ukiwa umesimama, kisha punguza mafuta mpaka mizunguko ifike kilele. Aliyejifunzia Mombasa au Dar mkono wake umezoea kusukuma tu. Akija Wilson injini inakohoa, na njia inaisha mbele yake huku ndege haitaki kupanda. Kosa hilo lirekebishwe kitini, ambako halina gharama.

Fanya hivyo pia na taarifa ya hali ya hewa, kila asubuhi kabla ya chai. HKNW 120600Z 05008KT 9999 BKN018 18/14 Q1024. Yaani Wilson, tarehe 12, saa 06:00 za Zulu (saa za dunia, UTC), upepo kutoka nyuzi 050 kwa noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa), kuona mbele kilomita 10 au zaidi, mawingu yaliyotanda futi 1,800 juu ya uwanja, joto 18 na umande 14, mgandamizo 1024. Sisi tuna bahati ambayo vitabu havielezi: toa 3 kwenye saa za Zulu unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 06:00 ni saa tatu asubuhi, 09:00 ni saa sita mchana. Hakuna haja ya kupitia Kizungu katikati.

Kuhusu mikopo. Mkopo wa simu wenye ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30 unaonekana mdogo kwa sababu umeandikwa kwa mwezi. Ukizungushwa mwaka mzima ni asilimia 90. SACCO inayotoza asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, na inayokupa hadi mara tatu ya akiba yako, ni dunia nyingine kabisa, ila inataka wadhamini na inataka uwe umeanza kuweka akiba kabla ya shida. Mkopo wa simu usilipie saa za ndege hata siku moja. Unaweza kulipia nauli ya kwenda kwenye usaili, basi.

Anayekuomba pesa ili upate kazi, mwogope. Kuna mawakala wanaotuma barua zenye nembo za mashirika ya Ghuba, wakidai ada ya viza au ya "kuhifadhi nafasi". Shirika la kweli halimtozi rubani ada ya kuja kwenye usaili. Na kuna mtego mwingine, huu wa nyumbani: rafiki mwenye biashara anataka upeleke watu wanne Lamu kwa ndege ya kukodi, naye atakupa "kitu kidogo". Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji kampuni yenye cheti cha uendeshaji. Leseni yako ya biashara haikupi wewe binafsi ruhusa hiyo. Ndege ikichubuka bawa tu, bima itajitoa na leseni itafuata.

Saa za kalamu nazo zipo, tusidanganyane. Mtu anaandika saa 30 ambazo hakuruka. Mwajiri mzoefu huchukua namba ya usajili na tarehe, akalinganisha na kitabu cha ufundi cha ndege ileile. Kama siku hiyo ilikuwa hangarini imevuliwa silinda, mazungumzo yameisha, na Wilson ni kijiji. Logibuku ijazwe kwa wino, kila ukurasa ujumlishwe, kosa likatwe kwa mstari mmoja na kutiwa sahihi. Jumla isiyolingana kwa saa 0.4 huleta maswali kuliko saa chache.

Kazi ya kushikia maisha iwe karibu na uzio wa uwanja ikiwezekana. Kupanga mizigo ya safari (begi laini, kilo 15, na mgeni anayebisha kwamba viatu havihesabiki), kukaa opereshen, ofisi ya ratiba za safari, kupiga hesabu ya uzito wa ndege, kuuza tiketi. Malipo ni madogo, lakini aliye ndani anajua nani amepata kazi Qatar na kiti kipi kitabaki wazi. Kampuni hujipanga kabla msimu wa Julai haujaanza, kwa hiyo barua ya maombi ipelekwe wakati wa masika, kwa mkono, kwa rubani mkuu wa kampuni mwenyewe. Droni ni njia nyingine. Kenya ina kanuni zake tangu 2020 na kazi ya kupima mashamba inalipa, ila saa zake haziingii kwenye jumla ya ndege.

Lililo gumu zaidi halina hesabu. Shamba liliuzwa, au shangazi na wajomba walichanga, na kila msiba na kila harusi kuna anayeuliza, "Rubani wetu, umeanza lini kazi?" Tarehe ya kazi huna. Tarehe ya hatua inayofuata unayo, mpe hiyo: "Medikali ni tarehe 9, mjomba, barua zinatoka wiki ya pili." Usingizi ukikataa kwa wiki kadhaa, usinunue dawa ya usingizi dukani ukaificha. Mwambie daktari wa anga. Wengi huogopa kwamba kusema ni kuimaliza leseni. Matibabu yanayojulikana hufuatiliwa na mara nyingi mtu hurudi kuruka, lakini dawa iliyofichwa ikigunduliwa huonekana kama uongo.

Saa nne inagonga. Safu ya tatu ya wiki hii: medikali, siku 41. Siku 90, zimebaki 17. Simu kwa shule kesho saa mbili asubuhi, kuuliza ndege imebakiwa na saa ngapi kabla ya ukaguzi.