Kutoka utangulizi wa tasnifu hadi utangulizi wa makala: uzoefu wangu

Tasnifu yangu ya lisansi (shahada ya chuo kikuu), niliyoiandika Goma, ilihusu namna wakaaji wa mitaa ya magharibi, kwenye barabara ya Sake, wanavyojikinga na mazuku, yaani kaboni dioksidi inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri upepo unapotulia. Utangulizi wake ulikuwa na vipengele vyote tunavyodaiwa huku Kongo: hali ya tafiti zilizotangulia, tatizo, nadharia tete, sababu za kuchagua mada, mipaka ya kazi na mgawanyo wa sura. Jarida la kisayansi halitaki hayo yote. Linataka aya chache tu.

Mwelekezi wangu alinielekeza kwenye hatua tatu za utangulizi wa makala alizozieleza mwanaisimu John Swales mwaka 1990: kuonyesha uwanja, kuonyesha pengo lililomo, kisha kulijaza. Kwa hatua ya kwanza nilikataa kuanzia mbali. Milipuko ya Nyiragongo ya 1977, 2002 na 2021 ina mvuto, lakini mazuku huua hata volkano isipolipuka, kwa hiyo niliiacha nje na kuanza hivi: "Magharibi mwa Goma, kaboni dioksidi hujikusanya katika mabonde ya lava ambamo watu hupita na mifugo hulishwa."

Pengo ndilo lililonitoa jasho. Kudai kwamba hakuna aliyewahi kuchunguza jambo fulani ni kujitafutia aibu, kwani msomaji mmoja akileta makala moja tu, hoja yote inaanguka. Nilizipanga tafiti nilizozisoma kwa swali zilizouliza, si kwa mwaka wala mwandishi, na hapo ikaonekana kwamba zilijibu gesi iko wapi na ni kiasi gani, ilhali mama anayekwenda kuchota maji kabla ya jua kuchomoza, na namna anavyochagua njia yake, hakuwamo. Sentensi ikawa ya kiasi: "Tafiti tulizozipitia zinaeleza zaidi gesi kuliko maamuzi ya wanaoishi nayo."

Baada ya hapo lengo lilijiandika lenyewe kwa sentensi moja, na mbinu kwa nyingine. Sababu za kuchagua mada, ambazo kwa maoni yangu humpendeza mwandishi kuliko msomaji, nilizifuta zote. Mgawanyo wa sura nao niliuondoa, kwa kuwa msomaji wa jarida anajua tayari kwamba baada ya utangulizi huja mbinu, matokeo na mjadala.