Mngurumo kwenye redio ya baba: kumbukumbu ya mradi wangu, Tukuyu

Jumamosi ya kwanza ya Juni

Baba anasikiliza mawimbi mafupi tangu sijazaliwa. Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Tukuyu, jioni ikifika anasogeza kigoda dirishani na kutafuta 11735 kHz, masafa ambayo redio ya Zanzibar imerushia matangazo kwa miaka mingi. FM huku ni ya kubahatisha. Mawimbi yake huenda moja kwa moja, na milima ya Rungwe imetuzunguka kila upande. Mawimbi mafupi hupanda angani, yakagonga tabaka la juu la hewa, yakarudi chini mbali sana na yalikotoka, hivyo mlima si kikwazo kwao.

Tangu tulipomfungia sola mwezi Februari, redio inanguruma kila taa zikiwashwa. Mwanzoni tulisingizia radi, maana masika ya huku hayana mchezo. Sasa ni kipupwe, anga kavu, baridi inauma, na mngurumo uko palepale. Wiki iliyopita alinipigia simu: "Mwanangu, mmeniletea mwanga mkaninyang'anya redio." Neno hilo limenichoma. Leo asubuhi nimetoka Mbeya mjini na begi la vifaa.

Kazi ya kwanza haikuhitaji kifaa chochote. Redio ya baba inatumia betri zake yenyewe, haijaungwa na sola hata kwa uzi, kwa hiyo kelele inaifikia kwa njia ya hewa. Nilichomoa fyuzi kuu ya sola: kimya. Nikairudisha, nikawasha taa moja moja. Taa ya sebuleni, ngurumo. Ya jikoni, ngurumo zaidi. Zote tano zina ugonjwa mmoja. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, nayo ina kelele, ila mchana tu, paneli inapochaji, na mchana baba yuko shambani. Nimeiacha kwanza.

Jumamosi hiyohiyo, usiku

Nimekaa na redio yangu ndogo ya dijitali inayosogea kwa hatua ya 1 kHz na kuonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli. Nikaanza chini, kwenye mawimbi ya kati, nikipanda taratibu huku nikiandika kila mahali kelele inapovimba: 585, 650, 715, 780. Tofauti ni 65 kila mara. Hapo nikajua ninachopambana nacho. Ndani ya kila taa kuna transista, swichi ndogo ya kielektroniki, inayokata na kuunga umeme mara 65,000 kwa sekunde ili kuushusha kutoka volti 12 hadi kiwango cha vidonge vya LED. Umeme unaokatwa ghafla namna hiyo haubaki kwenye masafa yake. Hutoa watoto kwenye kila kizidisho cha 65, na kadiri ukataji unavyokuwa wa ghafla ndivyo watoto wanavyofika juu zaidi. Wa 180 yuko 11,700 kHz, jirani kabisa na Zanzibar.

Jambo lililonisumbua ni kwamba huko juu sikusikia vilima vilivyoachana, nilisikia mto mmoja mzima wa kelele. Nimelifikiria mpaka chai ikapoa. Taa tano hazikati kwa mwendo uleule. Moja ikiwa 65.0 na nyingine 65.2, kwenye mtoto wa kumi zinapishana kwa 2 kHz tu, sikio halioni tofauti. Kwenye mtoto wa 180 zinapishana kwa 36 kHz. Zidisha kwa taa tano, na kila moja ikiyumba betri inaposhuka, nafasi zote katikati zinajaa.

Sipendi kusikia watu wakisema kelele za namna hii ni "redio mbovu". Heinrich Hertz alipothibitisha mawimbi ya sumakuumeme kule Ujerumani, miaka ya 1887 na 1888, chombo chake cha kurushia kilikuwa cheche inayoruka kati ya vitufe viwili vya metali. Kurusha kwa kwanza kulikuwa kelele. Taa ya jikoni kwa mama inafanya kazi ileile ya Hertz, ila hakuna aliyeiomba.

Jumapili

Nimepanda darini. Fundi aliyefunga alifanya kazi safi kwa macho, lakini waya chanya umeshuka ukutani hadi swichi ukapanda tena, na waya hasi umekatiza moja kwa moja upande wa pili wa dari. Kati yao kuna kitanzi kikubwa kama mlango. Kitanzi kinachopitisha umeme unaokatwakatwa ni antena. Halafu nikapima waya wa kutoka boksi la fyuzi hadi taa ya jikoni: mita 6 na nusu. Gawanya 300 kwa 11.735 upate urefu wa wimbi, mita 25.6, robo yake ni mita 6.4. Robo ya wimbi ndiyo urefu ambao hata mtu anayejenga antena kwa makusudi angeuchagua. Ndiyo maana jikoni kunazidi.

Kosa langu la siku: nilikuja na pete za njano zenye upande mmoja mweupe, nilizozing'oa kwenye pawasaplai za kompyuta zilizokufa. Nikazungusha waya wa taa ya jikoni mara tano. Kabla, kipimo cha kelele kilisoma desibeli 41. Baada, 40. Pete hizo ni za unga wa chuma, zimetengenezwa kuhifadhi nishati ndani ya pawasaplai, hazizuii kelele ya mawimbi mafupi. Nimepoteza saa mbili.

Kabla ya kuondoka nilivuta upya nyaya za jikoni na sebuleni, chanya na hasi zikishuka pamoja hadi swichi na kurudi pamoja, zimesokotwa kama kamba ya katani. Zikisokotwa, uga wa sumaku wa waya mmoja unafutwa na wa mwenzake. Kipimo kikashuka hadi 33, bila kununua kitu.

Katikati ya wiki, Mbeya

Nimezunguka kwa mafundi wa Mwanjelwa nikiomba nyaya za monita za zamani. Kile kinundu cheusi karibu na ncha ya waya ndicho ninachokitaka: ndani yake mna silinda ya feraiti, kauri ya sumaku inayozuia kelele za redio. Nimepata kumi na moja kwa bei ya soda mbili. Unakata plastiki kwa kisu taratibu, kwa sababu feraiti ni kama kigae, ikidondoka sakafuni inapasuka.

Usiku nimefungua taa moja niliyorudi nayo. Ukibandua kofia ya plastiki unaona bodi ndogo ya duara. Pameandikwa L1, mahali pa koili ya kuzuia kelele, na badala ya koili kumelehemiwa kipande cha waya mtupu. Pembeni pameandikwa C1, mahali pa kapasita, kifaa kidogo kinachoipa kelele njia fupi ya kurudi kabla haijatoka nje, na matundu mawili yako wazi, yana lehemu inayong'aa isiyowahi kushika kitu. Aliyeichora saketi hii alijua kabisa kinachotakiwa. Mtu mwingine, baadaye, akaviondoa ili kupunguza gharama. Limeniuma kuliko kama wangekuwa hawajui. Kamati ya kimataifa ya CISPR ipo tangu 1934 kwa ajili ya kulinda redio dhidi ya kelele za vifaa, na ina viwango mahsusi vya taa. Ujuzi huu una umri wa kumzidi baba.

Nimeweka kapasita yenye alama 104, yaani nanofaradi 100, kwenye C1, miguu mifupi kadiri nilivyoweza. Mguu mrefu nao una tabia za koili, unaharibu kazi. Tahadhari kwa atakayenifuata: hii ni volti 12. Kwenye taa ya volti 230 usiweke kapasita yoyote uliyoiokota. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, za daraja X na Y, kwa sababu ya kawaida ikifa inaweza kuwasha moto au kumpiga mtu shoti.

Jumamosi ya pili

Taa zote tano zimepata 104. Kila moja imepata pia feraiti, sentimita chache tu kutoka kwenye holda, ili kelele izuiwe kabla haijaukuta waya mrefu. Nyaya zote mbili nimezipitisha pamoja kwenye silinda. Ukipitisha mmoja peke yake, umeme wa moja kwa moja unailemea feraiti kwa sumaku na inapungua nguvu. Nimepitisha mara tatu, kwa kuwa kizuizi hukua kwa kipeo cha pili cha mizunguko: mara tatu inatoa tisa. Mara nne hazikuingia, tundu ni dogo. Vyumba vitatu vilivyobaki nimesokota nyaya pia.

Saa 2 usiku nimewasha taa zote. Kipimo: 14. Taa zote zikiwa zimezimwa: 11.

Baba hakuuliza namba. Alivuta antena, akazungusha kitufe polepole kama anavyofanya siku zote, na taarabu ikaingia sebuleni, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba akaniangalia. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akarudi kusikiliza.

Jumapili asubuhi

Imebaki kontrola, kwa ajili ya mchana. Nina vinundu sita, vitatu nitavifunga kwenye waya wa paneli.

Jana, baada ya nyumba kunyamaza, nilisikia kitu kingine chini kabisa ya mawimbi ya kati, hafifu: 576, 624, 672. Tofauti 48. Si taa zetu. Nilitoka nje na redio mkononi nikafuata inakokua, nikapita migomba, nikafika kwenye ua wa jirani. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Nitapita kwake leo mchana nimweleze, vinundu vitatu vilivyobaki ni vyake.