Kura yangu ya Hapana hapa Columbus

Jumapili, 29 Oktoba 2023

Leo mchungaji kahubiri Hoja ya 1, ile ya utoaji mimba, tangu salamu mpaka sadaka, na Hoja ya 2 ya kuhalalisha bangi hakuigusa, ingawa zote mbili tunazipigia kura hapa jimboni. Simlaumu. Ohio nzima iko hivyo msimu huu: ukipita mtaani, mabango yote yaliyosimikwa kwenye nyasi za watu ni ya utoaji mimba, Ndiyo huku, Hapana kule. Bangi imejificha nyuma ya Hoja ya 1 kama mtoto nyuma ya kanga ya mama yake.

Kwa wasioijua: Hoja ya 2 inataka mtu aliyefikisha miaka 21 aruhusiwe kununua na kubeba bangi hadi aunsi mbili na nusu, yaani kama gramu 70. Aruhusiwe kupanda miche 6 nyumbani kwake, isizidi 12 kama nyumba ina watu wazima zaidi ya mmoja. Serikali nayo ichukue asilimia 10 juu ya kodi ya kawaida ya mauzo. Mwaka 2015 walishajaribu na wakapigwa mweleka, karibu theluthi mbili ya wapiga kura walikataa, maana hoja ile iliwapa wawekezaji wachache mashamba 10 ya kulima wao peke yao na hata wapenda bangi wenyewe ikawachefua. Safari hii wamekuja wamejipanga.

Mimi ni mtoto wa Arumeru, Arusha. Utani wa kuiita bangi "cha Arusha" nimeuzoea tangu shule. Kwetu huko mlimani watu wamelima mahindi pembezoni na bangi katikati, na kila baada ya muda magari ya serikali yanapanda, mashamba yanafyekwa, moto unawashwa, na msimu unaofuata watu wanapanda upya. Nimeona wazee wanavuta msokoto alfajiri na kulima mpaka saa saba bila kukosana na mtu. Nimeona pia kijana aliyekuwa wa kwanza darasani akizungumza na ukuta. Kwa hiyo jani lenyewe halinitishi kama linavyowatisha wale wa matangazo ya televisheni, ambao ukiwasikiliza utadhani kesho watoto wote wa Ohio watakuwa vichaa. Gavana DeWine yuko upande wa Hapana, mimi niko upande wa Hapana, lakini sababu zetu zikikutana njiani hazitasalimiana.

Alhamisi, 2 Novemba

Jioni ya leo baada ya darasa. (Kwa mgeni wa ukurasa huu: nakaa na wenzetu wanaojiandaa na mtihani wa uraia, tunapitia yale maswali 100, bendera ina mistari mingapi, nani anatangaza vita. Wengi ni Wakongo, wachache Warundi, na tunasomeshana kwa Kiswahili mpaka Kiingereza kikae.) Tukafika kwenye fomu N-400 ya kuomba uraia, pale wanapouliza habari za dawa za kulevya. Kijana mmoja wa Uvira, dereva wa lori, akasema kwa furaha kabisa:

"Maman, hilo swali si litakuwa limekufa? Jumanne tunaihalalisha."

Darasa zima likageuka kuniangalia, na hapo ndipo ilipo kura yangu yote.

Swali halitakufa. Sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, ya mwaka 1970 iliiweka bangi daraja moja na heroini, na Ohio ikipiga kura mara mia haibadilishi hata nukta yake. Mwezi Aprili 2019 USCIS, idara ya uraia na uhamiaji, walitoa mwongozo ulio wazi: mwombaji aliyejihusisha na bangi, hata katika jimbo lililoihalalisha, anaweza kuhesabiwa kuwa hana mwenendo mwema na akanyimwa uraia. Kujihusisha ni pamoja na kuajiriwa dukani. Yaani binti akisimama nyuma ya kaunta ya duka lenye leseni ya jimbo, anakatwa kodi kwenye mshahara kama kila mtu, siku ya usaili ajira hiyohiyo inaweza kumponza. Wala si lazima uwe umehukumiwa. Kukiri tu kwa ofisa, kwa mdomo wako, kunatosha kukuletea balaa.

Kisha nikamgeukia kijana mwenyewe na CDL yake, ile leseni ya kuendesha malori. Dereva wa lori anapimwa kwa sheria za shirikisho. Anaweza kuvuta Ijumaa usiku sebuleni kwake, kihalali kabisa machoni pa Ohio, akapimwa mkojo Jumatano inayofuata akiwa mzima wa akili, na bado ikaonekana. Tangu Januari 2020 kuna daftari la nchi nzima la madereva walioanguka kipimo. Jina lako likiingia humo hugusi usukani wa lori mpaka umalize utaratibu wa mtaalamu, kwa gharama zako mara nyingi, na kampuni yoyote unayokwenda kuomba kazi lazima ichungulie kwanza humo. Hapa Columbus ukihesabu wanaume wetu wenye leseni hiyo, unahesabu kodi za nyumba, ada za watoto na ile pesa inayotumwa Uvira na Bujumbura kila mwisho wa mwezi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanibana.

"Lakini Maman, tukikataa, polisi watakamata nani? Sisi weusi. Ukikamatwa una rekodi, na rekodi ndiyo inayomfukuzisha mtu nchini. Wewe kwa Hapana yako ndiyo unatuponza."

Hoja nzito hiyo, na siwezi kuipuuza. Ripoti ya mwaka 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia, ilionyesha kuwa Marekani mtu mweusi ana uwezekano wa kukamatwa kwa kukutwa na bangi mara 3.6 ya mweupe, ilhali wanavuta karibu sawa. Nikamjibu kwamba Ohio iliacha kumfunga mtu kwa chini ya gramu 100 tangu 1975, ni faini isiyozidi dola 150, na hapa Columbus halmashauri iliishusha mwaka 2019 ikawa dola 10. Akacheka: "Basi na hiyo kumi ifutwe!"

Ingekuwa Hoja ya 2 ni kuifuta hiyo dola 10 na kusafisha rekodi za waliokamatwa zamani, ningekuwa wa kwanza kwenye foleni kupiga Ndiyo. Lakini nimeisoma. Haisafishi rekodi ya mtu yeyote moja kwa moja. Inaunda soko. Kichwa chake kwenye karatasi ya kura kinaanza na biashara kabla ya kufika kwenye uhalali. Wa kwanza kupewa leseni ni wale walewale wenye leseni za bangi ya tiba. Kuna mfuko wa usawa na ajira utakaopata asilimia 36 ya ushuru, mzuri kwenye karatasi, na siombi ushindwe. Ila mamlaka inakatazwa kuweka kikomo cha ukali chini ya asilimia 35 ya THC, kemikali yake inayolevya, kwa jani na 90 kwa mafuta. Tisini! Bangi iliyokuwa ikikamatwa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na kama asilimia 4. Wazee wa kwetu na msokoto wao wa alfajiri hawakuwahi kuiona hiyo inayotengenezwa humu.

Hatukukubaliana. Yeye mwenyewe bado hana kura, na hilo lilinichoma zaidi ya maneno yake. Tutakaopiga kura ni sisi tulioapa, ambao bangi haiwezi tena kutunyima uraia. Walio hatarini wanangoja tuwaamulie.

Jumamosi, 4 Novemba

Nimepiga kura ya mapema, kituo cha Morse Road. Foleni ilikuwa ndefu lakini inatembea. Mbele yangu bibi mmoja wa Kisomali na mjukuu wake wa kike, mjukuu anamfasiria kwa sauti ya chini, bibi anaitikia kwa kichwa. Mashine inakupa kila kitu kwenye kioo, unagusa, kisha inakutolea karatasi nyembamba yenye majibu yako uisome kabla ya kuilisha kwenye mashine ya kuhesabu. Nimeisoma ya kwangu mara mbili. Hoja ya 1 ni siri yangu. Hoja ya 2: Hapana.

Dada mmoja wa Kenya tuliyekutana maegeshoni akaniuliza kama nimekuwa mlokole. Nikamwambia waulize madereva.

Jumatano, 8 Novemba

Imepita. Asilimia 57 kwa 43. Sisi wa Franklin, kaunti yetu ya Columbus, ndiyo kabisa, tumewapa Ndiyo kwa kishindo. Sina kinyongo, kura ni kura. Bungeni wameanza kunong'ona kuibadilisha, kwa kuwa ni sheria ya kawaida na haikuingia kwenye katiba, na miji kadhaa ya pembezoni inataka kuzuia maduka kwanza. Waendelee. Kazi yangu mimi ni tarehe 7 Desemba, siku sheria itakapoanza.

Nimeandika tangazo kwa ajili ya kundi letu la WhatsApp, na kesho wenzangu watalisoma kwa sauti ili lisambae hata kwa wasiosoma. Nimelifanya fupi. Kama huna uraia, usivute, usibebe, usipande hata mche mmoja barazani, usiajiriwe shambani wala dukani, na usipige picha ukishika kitu hicho halafu ukaiweka mtandaoni. Kama umeshavuta, usiende kumdanganya ofisa, uongo una adhabu yake. Muone mwanasheria wa uhamiaji kabla hujajaza fomu. Kama una CDL, uraia wako haukuokoi, kipimo hakiulizi pasipoti.

Kijana wa Uvira amelisoma rasimu na kulisahihisha maneno mawili ili Wakongo walielewe vizuri zaidi. Kura hatukubaliani mpaka leo, lakini tangazo amelisaini na mimi.

Ujumbe wa kwanza kujibu umeingia saa nne usiku, kutoka kwa mama mmoja anayesubiri usaili wake: "Shangazi, na zile peremende zake za kutafuna kwa ajili ya usingizi?"

Nimemjibu: hata peremende.