Kumbukumbu ya mradi: SAMAKI iwe DAGAA

Jumatatu

Mbalamwezi imekomaa, mitumbwi ya dagaa imepumzika, ghala la mjomba pale Mwaloni Kirumba limetulia. Ndiyo nafasi yangu ya kushika kompyuta yake. Programu ya risiti bado inachapa STAKABADHI YA SAMAKI, na biashara ya sangara aliiacha zamani. Kijana aliyeitengeneza alipoteza msimbo (maandishi aliyoiandikia programu) laptopu yake ilipoungua. Limebaki faili la programu lenyewe, na mjomba ameniruhusu nilifungue.

Nimetoa nakala ya faili hilo, jina lake risiti, nikatafuta neno kwa amri ya grep: `grep -ab SAMAKI risiti`. Ikanipa 47871, nikadhani ndipo neno lilipo. Nikaandika DAGAA hapo, programu ikagoma kufunguka.

Jumanne

Nimeelewa! Bila `-o`, grep hutaja baiti (hapa kila herufi ni baiti moja) unapoanzia mstari mzima, siyo neno. Ndani ya faili la namna hii "mstari" unaweza kuanza mbali sana. Neno langu lilikuwa baiti 345 mbele. Kwa nakala safi, `grep -abo SAMAKI risiti`:

48216:SAMAKI
51904:SAMAKI

Nikataka shahidi wa pili. `strings -t x`, amri inayoorodhesha maandishi yaliyomo ndani ya faili na mahali yanapoanzia, ikasema bc4a, nikashtuka. Kumbe hiyo ni heksadesimali (namba za msingi wa 16), yaani 48202 kwa namba za kawaida, mwanzo wa kichwa chote. Ongeza baiti 14 za "STAKABADHI YA " pamoja na nafasi zake, unatua 48216 palepale. Nilifurahi mno hesabu mbili zilipokutana.

Ile ya 51904 nimeichungulia kwa `xxd -s 51900 -l 32`, inayoonyesha baiti za sehemu hiyo ya faili: ni SAMAKI.DAT, faili la mauzo yake. Hiyo haiguswi, la sivyo programu itatafuta faili lisilokuwepo.

Jumatano

Nimeandika neno jipya juu ya la zamani kwa dd, amri inayoandika baiti mahali unapoitajia:

`printf 'DAGAA ' | dd of=risiti bs=1 seek=48216 conv=notrunc`

Nafasi tupu baada ya DAGAA ni ya lazima: zilitoka baiti sita, ziingie sita, vinginevyo ile I ya zamani inabaki mkiani. Na `conv=notrunc` msiisahau kabisa; bila hiyo dd hulikata faili pale inapomaliza kuandika.

`cmp -l`, inayotaja kila baiti iliyotofautiana, dhidi ya faili la zamani imetoa mistari minne tu, maana A mbili zimebaki mahali pake. Inaanzia 48217 kwa kuwa cmp huhesabu kuanzia moja.

Mjomba ameisoma risiti mara mbili, akaikunja, akaitia mfuko wa shati. Sasa anataka KILO iwe DEBE. Herufi nne kwa nne.